Mmoja Huzuia Mmoja

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, simu yangu ilikuwa imelia mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye nyumba. Mama, dawa za presha zimeisha. Shangazi, salio la karo ya binamu yangu. Niliilaza simu kifudifudi, nikamwambia mdogo wangu, "Haya, leta hizo kadi zako."

Alikuwa amekuja kwangu Kahawa West wikendi hiyo, na kisanduku cha kadi alichoazima kwa msee wa chuo. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Ulibuniwa na Richard Garfield, ukatoka mwaka wa 1993. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai. Unaita viumbe, viumbe wanashambulia, na ukifika sufuri umeenda. Kila kiumbe ana namba mbili: ya kwanza ni nguvu ya kupiga, ya pili ni kipigo kinachotosha kumuua.

Nilidhani nimeshaelewa mpaka aliponitumia watatu kwa mpigo: mmoja wa nguvu 2, mwingine 3, mwingine 5. Jumla 10. Mimi nilikuwa nimebaki na pointi 9. Nilikuwa na viumbe wawili, lakini mmoja nilimtuma kushambulia kwenye zamu yangu, kwa hivyo kadi yake ilikuwa imelazwa. Aliyelala hazuii. Aliyesimama alikuwa na nguvu 3, na wa kumuua ni 4.

"Huyu atawazuia wote," nikasema.

Akacheka. "Zii, sista. Mmoja anazuia mmoja. Na hao hawamshambulii kiumbe wako, wanakushambulia wewe. Wewe ndiye unaamua nani atasimama mbele ya nani. Wengine wanapita."

Hesabu ilikuwa hivi. Nikimzuia wa 2, zinapita 8, nabaki na 1. Nikimzuia wa 3, zinapita 7, nabaki na 2, lakini kiumbe wangu anamuua mwenzake na yeye anabaki hai. Nikimzuia wa 5, zinapita 5, nabaki na 4, na wangu anakufa.

Nilimzuia wa 5 bila kufikiria. Ndivyo nilivyolelewa: kifungua mimba husimama mbele ya jambo kubwa. Zamu iliyofuata sikuwa na wa kutosha kuzuia, nikaisha.

"Kwani hakuna kadi ya kuzuia wote?" nikauliza.

Akapekua kisanduku, akanipa moja: Palace Guard. Nguvu 1, wa kumuua ni 4, na anaruhusiwa kuzuia washambuliaji wowote, hata wawe wangapi.

"Si huyu ni mimi!"

"Ngoja. Anawazuia wote, sawa, lakini wote wanampiga. Hao watatu wangu wanampa 10 na yeye anabeba 4. Anakufa. Na yeye kipigo chake ni kimoja tu."

"Na mwenye kadi?"

"Mwenye kadi haumii. Ndiyo maana anamweka hapo."

Nilikaa na hiyo kadi mkononi. Tangu baba atuache, miaka minne, sijawahi kusema sina. Nimekopa kwenye simu nilipe mkopo wa simu. Muda wote huo nilidhani mimi ndiye ninayecheza. Kumbe nimewekwa mezani.

"Lakini wawili wanaweza kumzuia mmoja," akaendelea, akipanga kadi mbili mbele ya yule wa 5. "Hapo hawezi kumpa kila mmoja kipigo chake chote, na nyinyi mnajumlisha zenu. Tatu na mbili. Ameenda." Halafu, bila kuniangalia: "Dawa za mama ni ngapi?"

"Elfu nne mia mbili."

"Niko na elfu moja mia tano. Ya kuosha magari."

Sikujua kama huwa anaosha magari. Nilitaka kumwambia aiweke, atumie shuleni. Nikameza maneno, nikanyoosha mkono.

Halafu nikaigeuza simu. Nilimwandikia shangazi, nikafuta, nikaandika tena: *Mwezi huu sina, shangazi. Naomba mnisamehe.* Hakuna "nitajaribu", hakuna "wiki ijayo". Alama mbili zikageuka bluu. Hakujibu.

Jumatatu binamu yangu alirudishwa nyumbani, akakaa siku nne kabla ya mjomba kumaliza salio. Shangazi bado hanipigii. Hilo lilipita na likanipata, na sitasema haliumi. Lakini mama ana dawa, kodi imelipwa, na mwezi huu sijakopa.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuja tena na kisanduku chake. Akanitumia watatu. Niliwatazama kwa muda, nikamzuia wa katikati.