Friji ya gari la Mjomba na volti zinazopotea njiani

Walioniandikia kuuliza ile makala ya hifadhidata imefika wapi, bado iko jikoni. Wiki mbili hizi nimekuwa nikihangaika na friji, tena si ya nyumbani bali ya gari.

Mjomba wangu ana Land Cruiser ya kukodisha. Juu ina hema la kukunjua, nyuma ina jiko la gesi, tangi la maji na friji ya volti 12. Wageni huichukua Nairobi wakaenda nayo Samburu, Marsabit na kwingineko, wakalala humo humo. Friji hiyo ilikuwa na tabia moja: mchana barabarani inagandisha maji vizuri sana, usiku gari likizimwa inakufa. Asubuhi maziwa yamechacha. Mafundi watatu waliipima, na wote walisema umeme unafika, tatizo ni friji yenyewe, anunue nyingine. Nyingine ni zaidi ya laki moja.

Pengine angelipa yakaisha. Lakini kulikuwa na mteja, mama mmoja aliyetaka gari kwa siku kumi kwenda hadi Loiyangalani na familia yake, na mtoto wake anatumia insulini. Aliuliza swali moja tu: friji ni ya kutegemewa au si ya kutegemewa? Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda ni ya kutupa. Kule Turkana joto si la mchezo. Mjomba akanipigia: "Kijana, wewe ni mtu wa kompyuta. Siwezi kumdanganya mama wa watu. Niambie ndiyo au la kabla ya Ijumaa."

(Kwa jamaa zangu, mtu wa kompyuta hutengeneza kila kitu chenye waya. Nimezoea.)

Nilianza pale ninapoanzia programu ikianguka: je, mashine yenyewe imesema nini? Kompresa ya friji ile ni ya familia ya BD, ambayo ilikuwa ya Danfoss na tangu 2010 iko chini ya Secop. Ndani yake kuna saketi ya udhibiti, na saketi hiyo huripoti makosa kwa kumweka taa ndogo. Mmweko mmoja maana yake volti zimeshuka chini ya kiwango, betri inalindwa. Miwili, feni inavuta umeme kupita kiasi. Mitatu, mota imeshindwa kuwaka. Minne, inazunguka polepole mno. Mitano, saketi imepata joto kupita kiasi. Taa ya Mjomba ilimweka mara moja, ikatulia sekunde chache, ikamweka mara moja tena. Kwa hiyo friji haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inalalamika njaa.

Sasa, kwa nini mafundi watatu wenye uzoefu waliona umeme upo? Kwa sababu upo. Wawili walipima injini ikiwa inanguruma, na wakati huo altaneta inasukuma karibu volti 14. Wa tatu alizima injini, akachomoa plagi ya friji na kupima kwenye soketi, akapata 12.3. Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Waya ambao haupitishi umeme haupotezi volti. Unaweza kuwa na kiungo kilichooza kabisa, na mita ikakuonyesha namba nzuri mradi hakuna kitu kinachovuta. Upotevu ni ampea mara ukinzani. Ampea zikiwa sifuri, upotevu ni sifuri. Ni kama kujaribu seva saa nane za usiku wakati hakuna mtumiaji hata mmoja, kisha ukatangaza iko salama.

Nikarudisha plagi, nikazima injini, nikasubiri kompresa iwake, na nikapima nyuma ya friji yenyewe. 10.4. Wakati huo huo kwenye betri: 12.1. Volti 1.7 zilikuwa zimepotea kati ya boneti na buti.

Kwa mpangilio wa kawaida, saketi ile hukata umeme volti zikishuka hadi 10.4, na haikubali kuwasha tena mpaka ione 11.7. Fuatilia kinachotokea. Kompresa inawaka, inavuta kama ampea 5, volti zinaanguka, saketi inakata. Ikishakata, hakuna kinachovuta, kwa hiyo volti zinapanda zenyewe hadi zaidi ya 12. Saketi inaona betri ni nzima, inasubiri kama dakika moja, inawasha tena. Zinaanguka tena. Usiku kucha! Aliyewahi kuandika lupu isiyo na mwisho atalitambua hili kwa macho yaliyofungwa. Tena kuna ubaya wa ziada: saketi hujitahidi kuweka mwendo wa mota palepale, hivyo volti zikipungua yenyewe huvuta ampea nyingi zaidi, na ampea zikiongezeka upotevu nao unaongezeka.

Nilitaka Mjomba aone kwa macho yake, maana namba za mita hupita. Nikachukua Arduino, rezista mbili za kugawa volti kwa nne (kilo-omu 30 na 10, ili hata volti 16 ziingie kama 4), na kadi ya kumbukumbu. Arduino ya kawaida hupima volti 0 hadi 5 kwa hatua 1024, kwa hiyo baada ya kugawa kwa nne kila hatua ni kama volti 0.02. Inatosha sana. Ikaandika namba kila sekunde usiku mzima. Grafu ya asubuhi ilikuwa meno ya msumeno kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Mjomba aliitazama, akasema, "Hii si friji, huyu ni mtu mwenye kwikwi."

Kutafuta volti zilipopotelea hakuhitaji kufungua kila kitu. Unaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye kituo kinachofuata njiani, mzigo ukiwa unavuta. Namba utakayosoma ndiyo iliyopotea katika kipande hicho. Kishikio cha fyuzi: 0.45. Waya wenyewe, wa milimita za mraba 1.5 na urefu wa mita nne na nusu: 0.26, na hii unaweza kuikokotoa hata kabla ya kupima, kwani shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wenye milimita moja ya mraba. Soketi ya sigara: 0.4. Upande wa hasi, skrubu moja iliyofungwa kwenye bodi juu ya rangi na kutu: 0.6. Jumlisha.

Unaona kwamba hakuna mwizi mmoja. Ni vibaka wanne. Ndiyo maana aliyebadilisha fyuzi peke yake mwaka jana hakuona tofauti yoyote. Na kishikio kile kilikuwa cha moto ukikigusa, volti 0.45 kwa ampea 5 ni zaidi ya wati 2 zinazopikwa ndani ya plastiki ndogo. Kilikuwa kimeanza kulainika. Mimi hapo nilisahau mambo ya maziwa, nikawaza gari lenye mtungi wa gesi nyuma.

Tulienda Kirinyaga Road Jumatano. Waya wa milimita za mraba 6, mwekundu na mweusi, yote miwili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi nyuma, bila kutegemea bodi. Fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Soketi ya sigara tukaitupa, tukaweka plagi nzito ya aina ya Anderson. Viungo vyote vikabanwa kwa koleo la kazi hiyo. Fundi alishangaa, "Mkubwa, waya huu wote kwa friji?" Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Mita tisa kwenda na kurudi, upotevu wa waya ni 0.13 tu kwa ampea 5.

Tulipopima, jumla ya upotevu ilikuwa 0.2. Friji ikapata 11.9, injini imezimwa.

Lilibaki swali la betri yenyewe. Ina uwezo wa ampea-saa 100. Kwenye joto kali nilikadiria kompresa itafanya kazi asilimia 60 ya wakati, yaani wastani wa ampea 3. Saa kumi na mbili za usiku ni ampea-saa 36. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nafasi ipo, mradi gari liendeshwe mchana. Alhamisi usiku niliacha kipimajoto ndani ya friji, na Arduino ikiandika. Hakuna hata jino moja la msumeno. Joto lilikaa kati ya nyuzi 4 na 6.

Ijumaa asubuhi Mjomba alimpigia yule mama akamwambia ndiyo, ila akaongeza masharti mawili aliyoyatunga mwenyewe: kipimajoto kitakaa ndani safari nzima, na wakipumzika mahali siku nzima wawashe injini japo saa moja. Pia alimwomba abebe chupa ya chai yenye barafu kama akiba, dawa isiguse barafu. Yule mama alicheka, akasema hiyo chupa hubeba siku zote.

Arduino niliiacha ndani ya gari. Walirudi Jumapili iliyopita, nikasoma kadi. Volti za chini kabisa zilikuwa 11.6, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, usiku wa pili Loiyangalani. Sasa Mjomba ameleta gari lake la pili, na kwenye hilo nimekuta waya wa spika.