MASHINI ILIYOKATAA KUAMKA, NA ULIZO LILILOIPONYESHA



Wengi wametuuliza ni ginsi gani mashini ya sekretariati ilipona mwezi wa tatu wa mwaka 2024, na wengine wangali wanasimulia mambo ambayo hayakutokea. Kwa hiyo sisi wanafunzi watano wa seksio komersiale tumeona vema kuandika habari hii kwa utaratibu, ili anayetaka kujua ajue, na mwenye ordinatere nyumbani asipoteze kazi yake bure.

Siku ya kwanza ya juma, saa moja na nusu asubuhi, Mama Sekretere aliwasha mashini. Alama ya Windows ikaonekana, vitone vikazunguka, kisha ekrani ikageuka bluu, na juu yake sura ndogo ya huzuni. Mashini ikajizima, ikajiwasha tena. Alama, vitone, bluu. Ikaendelea hivyo bila kuchoka.

Ndani yake mulikuwa alama za wanafunzi wote za periode ya tatu, pamoja na liste ya wale waliokwisha kulipa minervali. Kopi nyingine haikuwako. Kwa mwenye kuwa na risiti yake nyumbani, si neno. Lakini tunajua wenzetu ambao risiti zao zililowa na mvua ao zilipotea, na wazazi wao ni walimaji. Kulipa mara mbili hawangeweza.

Fundi mmoja akaitwa toka mjini. Akatazama dakika kumi, akasema: "Hii mashini iko na virusi. Ni kuformata tu."

Bwana Prefe akauliza: "Na makaratasi yenye kuwa ndani?"

"Ile yote itaenda, Bwana Prefe. Ata mungoje mpaka kesho, hakuna kitu itatoka mule."

Basi watu wote wakaanza kuuliza: nani alileta virusi? Na jibu likapatikana mbio. Siku ya tano ya juma lililopita, mwenzetu mmoja, mwimbaji wa kwaya, alipewa ruhusa ya kuchapa liste ya nyimbo ku mashini hiyo, na alikuja na kle yake. Kabla ya saa sita masomo yote yalijua jina lake. Wengine walisema afukuzwe juma moja, wengine walisema baba yake alipe fundi. Yeye alijibu neno moja tu: "Siku ya posho Mama Sekretere alitumika nayo muzuri." Wakamwambia kwamba virusi inalala kwanza, kisha inaamka. Kwa neno hilo hakuwa na jibu, na sisi vilevile.

Mwalimu wetu wa informatiki akamwomba Bwana Prefe siku moja kabla ya kufuta kitu chochote. Akapewa. Akatukusanya, akasema: "Musitafute mutu kwanza. Mutafute kitu. Siku ya posho mashini ilitembea, leo haitembei. Katikati ya hizo siku mbili, nini ilibadilika?"

Tulianza na Mama Sekretere. Alikumbuka kwamba siku ya posho, alipotaka kufunga biro, mashini iliandika kwamba inapokea mambo mapya, isizimwe. Alingoja kama inavyotakiwa, ikajizima yenyewe, akaenda nyumbani. Kisha tukarudi ku ekrani ya bluu. Watu wote walikuwa wameona rangi yake, lakini hakuna aliyesoma maneno yake, kwa sababu yanapita haraka. Tukayapiga picha na telefone. Chini kabisa mulikuwa neno VIDEO, na jina la fishie lenye kumalizika na .sys. Mwalimu akatuambia kwamba mara nyingi jina la namna hiyo ni jina la piloti.

Piloti hapa si mutu wa ndege. Ni programu ndogo inayofanya kazi ya mtafsiri. Mumeona kanisani mhubiri akisema kifaransa na ndugu mmoja akigeuza kwa Kiswahili. Windows ni mhubiri. Kadi ya picha, imprimante, klavie, kila moja ina mtafsiri wake. Mtafsiri mpya akija, mara nyingi anakuwa bora kuliko wa zamani. Lakini kama hakupatana na mashini hii, neno halifiki.

Lakini kwa nini mashini yote inaanguka kwa sababu ya mtafsiri mmoja? Programu ya kawaida, sawa ile ya kuandika barua, ikikosea, Windows inaifunga peke yake na kazi zingine zinaendelea. Piloti nyingi zinatumika ndani ya kiini, mahali penye kuongoza vyote. Kosa likitokea pale, Windows haiwezi tena kutumainia kitu chochote. Inasimamisha yote ili vitu vilivyoandikwa visiharibike. Ile bluu iliyotutisha ni kinga.

Tulifanya hivi. Grupu iliwashwa, ili kuranti isikatike katikati ya kazi. Kila mara vitone vilipoanza kuzunguka tuliendelea kufinya bouton ya kuwasha mpaka mashini ikazimika. Baada ya mara tatu, Windows yenyewe ilifungua ukurasa wa matengenezo. Tukachagua "Dépannage", kisha "Options avancées", kisha "Paramètres de démarrage", kisha "Redémarrer". Liste ikatoka, tukafinya 4. Hiyo ndiyo njia inayoitwa "mode sans échec": mashini inaamka na watafsiri wachache tu, wale wa lazima.

Ikaamka! Maandishi yalikuwa makubwa na mabaya, lakini fishie zote zilikuwako. Mwalimu hakuturuhusu kutengeneza kitu kwanza. Alama na liste ya minervali zilikopiwa ku kle mbili, tukazifungua kuhakikisha kwamba zinasomeka. Ndipo tukaingia mu "Gestionnaire de périphériques", tukafungua kadi ya picha. Kuko ukurasa mdogo wenye jina "Événements", unaoonyesha kila jambo na saa yake. Pale paliandikwa kwamba piloti mpya iliwekwa siku ya posho, saa sita na dakika makumi ine. Siku ya posho! Mwenzetu wa kwaya alitumia mashini siku ya tano. Tukamwita Bwana Prefe aje asome na macho yake. Akasoma mara mbili, akatoka bila kusema, akaenda kumtafuta yule kijana mwenyewe mu darasa lake.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi: ku ukurasa "Pilote", tukafinya "Restaurer le pilote", yaani kurudisha mtafsiri wa zamani. Kama bouton hiyo ingekuwa imefifia, tungeondoa piloti mpya kabisa, na Windows ingetumia ile yake ya kawaida. Tukawasha upya. Alama, vitone, na biro ya Mama Sekretere ikatokea kama zamani. Tukasimamisha mambo mapya kwa siku saba, ili piloti ile isirudi kesho yake.

Musizani kwamba jambo hili ni la masomo maskini tu. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani CrowdStrike ilituma fishie mpya kwa programu yake ya ulinzi, ambayo piloti yake inatumika mu kiini cha Windows. Fishie ilikuwa na kosa. Kampuni iliirudisha baada ya dakika 78, lakini mashini karibu milioni 8,5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikasumbuka. Na dawa ya mashini nyingi ilikuwa ile ile: kuingia kwa "mode sans échec" na kuondoa kilichokuja mwisho, fishie yenye jina linaloanza na C-00000291. Mahali ambapo diski imefungwa na ufunguo wa tarakimu 48, asiyeuandika mahali pengine alikwama mlangoni.

Hatusemi kwamba kila mashini inapona hivi. Ile isiyofika ata ku alama ya Windows, ao inayolia ndani sawa mutu anakwaruza chuma, ina ugonjwa mwingine, na hapo fundi anahitajika. Pia hatumcheki fundi aliyekuja; kuformata kunarudisha mashini nyingi. Lakini kunarudisha mashini, hakurudishi alama za watu.

Tangu mwezi ule kuko kaye moja karibu na mashini ya sekretariati. Kila anayeigusa anaandika jina, siku, saa, na kitu kilichobadilika. Kila siku ya posho kle moja inaingia mu kabati ya Bwana Prefe. Kaye ile haifichwi: mwanafunzi yeyote anaweza kuomba kuisoma, hasa yule ambaye jina lake linatajwa mu uwanja.

Ni sisi wenzenu,
Wanafunzi watano wa mwaka wa tano, seksio komersiale