Mahali pa Kula Nyama ya Kuchoma Viungani mwa Dar es Salaam

Atakaye kuijua Dar es Salaam kwa pua kabla ya macho, na aende viungani baada ya sala ya Alasiri. Huko Posta na Kivukoni ofisi zafungwa na watu wakimbilia makwao. Lakini Magomeni, Mwananyamala, Temeke na Tandika ndipo siku yaanza mara ya pili. Majiko yatolewa barazani, makaa yapepewa, na punde moshi wa nyama watanda juu ya barabara, hata mwenye saumu ya sunna hana budi kuharakisha hatua zake.

Ndugu msomaji, zamani jambo hili halikuwa na mashauri mengi. Nyama ililiwa nyumbani, na mishkaki ikanunuliwa kwa jirani ajulikanaye jina lake na la baba yake. Sasa mji umekuwa mkubwa mno. Wilaya zilizokuwa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, zimekuwa tano kwa kuundwa Ubungo na Kigamboni. Mchomaji wa leo huenda ametoka mkoa wa mbali. Mlaji hamjui, wala yeye hamjui mlaji. Na watoto wetu wamwambia baba yao siku ya mwisho wa juma: leo twende tukale nje. Ombi hilo si baya hata kidogo. Taabu ni kujua twende wapi.

Na tuanze Kinondoni. Mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana tawi lipitalo barabara ya Kawawa hadi Morocco, na ashukaye katika vituo vya njia hiyo hakosi kuona pande mbili za kiunga hiki. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, lililoundwa mwaka 1968, pamoja na msikiti mkubwa ulioitwa kwa jina la Mfalme Mohammed wa Sita wa Morocco. Na hapa hapa pana mabaa mengi, kila baa na jiko lake la nyama. Mteja huchagua paja la mbuzi au mbavu za ng'ombe zilizotundikwa kwenye kibanda chenye wavu, hupimiwa kwa kilo, kisha hungoja karibu saa nzima. Nyama yenyewe ni tamu, hatutasema uwongo. Mashaka ni majirani zake. Mara nyingi katika ua mmoja huchomwa mbuzi huku na nguruwe kule, yule ambaye mtaani wamempa jina la kitimoto. Na kisu ni kimoja, na gogo la kukatia ni moja.

Jambo la nguruwe limewahi kutuletea fitina. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa katika mji huu, watu wakakamatwa, na magazeti yakajaa habari hizo. Sioni faida iliyopatikana. Mwenye kuuza nguruwe kwa wanaomla ana wateja wake. Lililo juu yangu ni kujua jiko nililosimama mbele yake linachoma nini. Na kuuliza si utovu wa adabu. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani alimwuliza Mtume, s.a.w., juu ya vyombo vya Ahlul Kitabu, naye akafundishwa kwamba akipata vingine asilie katika hivyo, na asipopata avioshe kisha alie. Basi ukiwa na jiko jingine hatua hamsini mbele, kwa nini usumbuke na la kwanza? Tena wako Wakristo wenye mikahawa ambao hawaruhusu nguruwe wala pombe jikoni mwao, na mchinjaji wao ni Mwislamu, ili kila mtu ale kwa raha. Hao tuwashukuru, na twende kwao.

Lakini meza yenyewe ina hukumu yake. Tumekatazwa kukaa kwenye meza izungushwayo pombe, na baba aliyewaleta wanawe kati ya chupa na muziki asije akasema, "Mimi nimeagiza soda."

Kuhusu kuchinja, watu wana wasiwasi kuliko inavyostahili. Ng'ombe wa mji huu wengi hupita mnada wa Pugu, wakitoka mikoa ya bara, na machinjio makubwa yajulikanayo na kila mtu ni ya Vingunguti. Desturi ya nchi yetu ni kwamba nyama ya bucha la watu wote huchinjwa na Mwislamu. Desturi hiyo iligombaniwa huko Buseresere, Geita, mwaka 2013, hata roho ya mtu ikapotea. Lakini hapa mjini ingali ikifuatwa. Nyama ya machinjioni hukaguliwa na kupigwa muhuri. Ya kuogopwa ni ile ya bei ya kutupa, iliyochinjwa uani usiku, isiyo na muhuri wala mwenyewe. Hiyo, hata kama imesomewa Bismillahi, ina hatari ya maradhi. Ama mtu apekuaye kila kipande mpaka akashindwa kula kwa Mwislamu mwenzake, na akumbuke hadithi ya Bibi Aisha: watu waliuliza juu ya nyama iliyoletwa na Waislamu wapya, haijulikani kama ilitajiwa jina la Mungu, wakaambiwa walitaje wao na wale.

Mimi nikiulizwa, huelekeza Temeke. Ukifuata Kawawa kupita Ilala hadi Chang'ombe, kisha ukaingia Temeke na kushuka Tandika, wakuta mishkaki ya kipwani hasa: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, ikalazwa katika tangawizi, vitunguu saumu, ndimu na papai bichi lililopondwa. Papai hilo ndilo lilainishalo nyama. Likizidi, nyama huwa kama uji, na hapo ndipo fundi hujulikana. Kando yake pana mihogo na ndizi za kuchoma, kachumbari, na ukwaju uliotiwa pilipili. Huuzwa kwa kijiti, si kwa kilo, hata mtoto mwenye sarafu chache hupata chake. Pombe hapana, kwa kuwa hapo ni barazani pa watu na msikiti uko karibu.

Aibu yake ni vumbi na maji. Tazama kama nyama mbichi imefunikwa. Tazama mkono upokeao fedha: je, ndio ushikao nyama? Akiwa na msaidizi wa kupokea fedha, keti. Na moto uwe makaa mekundu yasiyo na ndimi, maana ulimi wa moto hubabua nje na kuacha damu ndani.

Vijana watauliza juu ya nyama ya Kijapani waionayo katika simu zao, yakiniku, ambayo maana yake ni nyama ya kuchoma tu. Wajapani kwa karne nyingi waliepuka ng'ombe kwa dini yao ya Kibuddha, mpaka mfalme wao Meiji alipomla hadharani mwaka 1872. Na mtindo huu wa kila mlaji kujichomea mezani ulienea baada ya vita vya 1945, kwa mikono ya Wakorea waliokaa huko. Hauna ubaya wenyewe. Ila mchuzi wake mara nyingi hutiwa sake, pombe ya mchele, au mirin, mvinyo mtamu wa mchele huo huo. Mkipata mkahawa wa namna hiyo, ulizeni mchuzi kwanza, nyama baadaye. Huko Tokyo na Osaka wako wauzao yakiniku ya halali, basi mwenye mkahawa hawezi kusema haiwezekani.

Kwa Temeke, fikeni mara baada ya Magharibi. Mikupuo ya kwanza ndiyo yenye mafuta. Ikiadhiniwa Isha, vijiti vilivyobaki vimekwisha kukauka.