Kona haikunjwi kama waya

Najua nimekuwa kimya. Sikuwa naumwa, wala sikuwa mafichoni. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa mzee wangu, tupa mkononi, najenga reli. Ndiyo, reli. Msicheke.

Kisa chenyewe kilianza na habari niliyoiandika mimi. Mabehewa mawili ya mizigo yaliacha njia kwenye kona, nami nikaandika haraka haraka kwamba dereva alikuwa na mwendo mkali. Aliyenieleza hivyo hakuwepo, na sikumtafuta mtu wa pili. Mzee wangu, ambaye alitumikia gengi la reli miaka mingi kabla ya kustaafu, aliisoma, akalikunja gazeti, akaniuliza:

"Mwanangu, mwendo ulikuwa kiasi gani?"

Sikujua.

"Kona ile ina ukali gani? Reli ya nje imeinuliwa kiasi gani?"

Kimya.

"Basi umemhukumu mtu kwa jambo usilolijua."

Yaliniuma, jamani. Nilipopata likizo nikaja nyumbani na treni ya kuchezea niliyoinunua kwenye mitumba: mabehewa matatu na duara la reli. Niliona tutapatana vizuri tukijenga pamoja mfano wa stesheni ya Tabora. Mnajua mji huu ni njia panda. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914. Enzi za Waingereza likaongezwa tawi la Mwanza, lililofika huko 1928.

Mzee akalitazama duara langu, akacheka. "Hii si reli, hii ni bangili."

Akachukua kalamu. Reli ya kuchezea ilikuwa na upana wa milimita 16.5. Reli yetu ya kweli ina milimita 1,000. Maana yake tumeipunguza kama mara 60. Nusu kipenyo cha duara kilikuwa sentimeta 37, na ukizidisha kwa 60 unapata kama mita 22. Hakuna treni ya Kigoma inayoweza kugeukia hapo! Kona yenye nusu kipenyo cha mita 200, ambayo ni kali kweli kweli, ingetaka mita 3 na sentimeta 30 pale sebuleni. Tukatoa makochi nje. Mama hakufurahi.

Tulichomoa reli kwenye plastiki yake. Tulichonga mataruma kwa vipande vya mninga, ingawa mzee alinung'unika kwamba ya kwake yalikuwa ya chuma. Kona tuliichora kwa uzi uliofungwa kwenye msumari, kisha reli tukaipinda kwa vidole, kidogo kidogo, hadi ikalala juu ya mstari bila kulazimishwa. Kila baada ya mataruma matatu tunapima upana kwa kibati tulichokikata.

Nikasukuma behewa. Likaanguka. Nikasukuma tena, likaanguka palepale. Nikasukuma polepole kama kobe. Likaanguka palepale.

Mzee hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema: "Kumbe siyo mwendo."

Akaniambia nilale kifudifudi, nifumbe jicho moja, niitazame reli kwa urefu wake. Ndipo nikaona. Pale iliponyooka inapokwisha na kona inapoanza palikuwa na kiwiko, na juu ya kiwiko hichohicho nilikuwa nimeweka kiungo cha reli mbili. Kona ya kweli haianzi ghafla. Inaanza kwa mpindo mdogo usioonekana, unaongezeka, na reli ya nje inapanda nayo taratibu, kwa sababu behewa siku zote linataka kwenda moja kwa moja. Mzee akaanza kunihesabia: mvua ikichukua kokoto, jua likitanua chuma, taruma likilegea, ukingo wa gurudumu ukilika, mzigo ukipakiwa upande mmoja. Mwendo mkali nao umo. Ni mmoja kati ya mengi.

Nikakumbuka njia ya misafara iliyopita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mti ukianguka, wapagazi waliuzunguka, basi. Mtu mwenye miguu anaweza kugeuka popote. Reli ilifuata sehemu kubwa ya njia hiyo, lakini yenyewe haina ruhusa hiyo.

Pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ilitula wiki nzima. Kuna vipande viwili vinavyosogezwa, vimechongwa vyembamba kama ulimi ili vilalie reli kubwa bila kuacha mwanya. Mbele yake reli mbili zinakatana, na hapo lazima uache nafasi ya ukingo wa gurudumu kupita. Sasa gurudumu likifika kwenye nafasi hiyo, nani analizuia lisipotee? Ni kipande kifupi cha reli kinachowekwa upande wa pili, kinalivuta gurudumu mwenzake lisihame. Changu nilikikosea kwa milimita moja. Magurudumu ya mbele yakaenda Kigoma, ya nyuma yakaenda Mwanza. Mzee alicheka hadi machozi. Halafu akasema, "Milimita yako moja, kwenye reli ni sentimeta 6."

Kabla likizo haijaisha nilimtafuta yule dereva. Jina lake sikuwa nimeliandika, lakini wenzake wote walijua ni nani. Alinipa kiti, akanisikiliza, akasema jambo moja tu: "Ulipoandika, uchunguzi ulikuwa haujaanza." Sikuwa na la kujibu. Nimeandika masahihisho, yametoka mistari minne, ukurasa wa ndani. Habari yenyewe ilitoka ukurasa wa mbele.

Jana jioni mabehewa yote matatu yalipita kona na pointi bila kuanguka, mara 10 mfululizo. Mzee alihesabu. Sasa anataka tuanze Kaliua, ambako tawi la Mpanda linachepuka. Mama anauliza makochi yanarudi lini.

Alamsiki.