Wimbo ni wa Mungu, Sawa, Ila Nani Aliutunga?

Leo sina ubuyu wa mastaa. Nina habari ya wimbo mmoja wa kuabudu ambao nimeuona tangu haujawa wimbo mpaka umeingia YouTube. Majina sitaji, msinibembeleze. Wenyewe wakisoma watajijua.

Binti mwenyewe ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa huku Tabata, na Jumapili anaimba na sisi kwenye timu ya kusifu na kuabudu. Mwaka jana mama yake alilazwa wiki tatu. Siku moja kibandani hakuna wateja, akaanza kuimba kitu kwa sauti ya chini akajirekodi kwenye simu. Sekunde 41. Unasikia bodaboda inapita, mteja anauliza "dada, naweza kutoa elfu hamsini?", na yeye anajibu "subiri kidogo kaka" halafu anaendelea kuimba. Mama alipona, yuko nyumbani, anawasumbua watu kama zamani.

Tukauimba kwenye mkesha. Yaani mara ya pili tu kina mama walishaushika wakawa wanauongoza wao. Mpiga kinanda wetu akaongeza kipande kabla ya kibwagizo cha mwisho, kile ambacho watu wananyanyua mikono. Tuseme ukweli, bila kile kipande wimbo ungekuwa mzuri tu, siyo wa kukufanya ukae kimya kwenye daladala mpaka unapitiliza kituo.

Studio ilikuwa chumba kimoja Sinza, magodoro ukutani, na feni inazimwa mkianza kurekodi maana maiki inakamata kila kitu. Jasho sasa! Waitikiaji tulikuwa wanne, kila mtu akarudia sauti yake mara tatu, ukisikiliza unadhani kwaya ya watu kumi na mbili. Na ile video iliyoandikwa "live", kweli tuliimba kanisani, ila sauti nyingi tulizirudia studio baadaye. Msinirushie mawe, kwenye gospo ni kazi ya kawaida. Studio ilikula 250,000, binti akatoa 150,000 mfukoni kwake, kanisa likamalizia na kulipia video.

Wiki ya kuutoa ndiyo mambo yakaanza. Kijana wa media akasema wimbo unatoka kwa jina la kanisa, kwenye chaneli ya kanisa. Mpiga kinanda akasema nusu ni yake. Prodyuza naye akapiga simu kwamba biti ni yake, kwa hiyo bila yeye hakuna wimbo. Binti akakaa kimya, halafu akasema, "Jamani, wimbo ni wa Mungu, tusigombane."

Hapo mimi nilichoka. Hiyo sentensi nimeisikia sana kanisani, na kila mara anayeambiwa au anayeisema ni yule mwenye kidogo kuliko wote. Mbona spika za kanisa nazo ni za Mungu na zina risiti?

Ngoja nieleze kitu maana wengi mnachanganya. Kwenye wimbo kuna vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyotengenezwa studio. Anayelipia studio au kutengeneza biti anaweza kuwa na haki kwenye rekodi, kutegemea mlivyokubaliana, ila hiyo haimfanyi awe mtunzi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, usajili wa COSOTA ni wa kukupa ushahidi.

Mfano mnaoujua wote ni "Way Maker" ya Sinach wa Nigeria. Aliutoa mwisho wa 2015. Kina Leeland na Michael W. Smith wa Marekani wakaurudia, na kuna watu mpaka leo wanadhani ni wimbo wa wazungu. Lakini 2020 ulipopata tuzo ya Dove ya wimbo wa mwaka, jina la mtunzi lilikuwa la Sinach. Waliuimba dunia nzima na hakunyang'anywa. Kwa hiyo msiniambie kuandika jina la mtunzi kunazuia watu kuabudu.

Turudi kwetu. Tukakaa ofisini kwa mchungaji, kijana wa media anajaza fomu ya mtandaoni ili wimbo uende Boomplay na Spotify. Akafika sehemu ya mtunzi, akaandika jina la kanisa. Fomu ikagoma. Inataka jina la kwanza na jina la mwisho la mtu. Akajaribu tena, ikagoma tena. Mchungaji akavua miwani akauliza, "Kwani nani aliutunga?" Ofisi nzima kimya. Binti anaangalia viatu vyake. Nikamwomba simu, nikamchezea mchungaji zile sekunde 41, tarehe inaonekana pale juu, kibwagizo chote kipo na bodaboda yake.

Mchungaji akacheka sana pale kwenye elfu hamsini. Halafu akasema andikeni.

Tukaandika kwenye karatasi ya daftari. Maneno na melodia ni vya binti, kile kipande cha katikati wameshirikiana na mpiga kinanda naye ametajwa mtunzi mwenza, prodyuza ametajwa kama prodyuza na akamaliziwa hela yake, kanisa limeshukuriwa kwenye maelezo ya video. Wote wakasaini. Wimbo ukatoka Ijumaa usiku kwenye chaneli ya binti.

Siku ya kwanza watazamaji 312. Najua, mastaa wenu wanapata hao kwa dakika. Wiki ya pili kanisa moja la Mbeya likauimba kwenye ibada yao ya Facebook, hawajamtaja mtu. Binti alifurahi mpaka akalia, na mimi nilifurahi pia. Kuuimba ibadani hakukuwa tatizo tangu mwanzo.

Ila ukurasa wa kanisa letu mpaka leo haujaweka linki. Na Jumapili tatu sasa binti hajapangwa kuongoza. Labda ni zamu tu. Mpiga kinanda anasema ni zamu.

Wewe uliye kwenye timu ya kanisani kwenu na mmewahi kutoa wimbo, dondosha hapo chini. Kwenye mtunzi mliandika nani?