Sanduku la Posta la Ami

Duka la Ami, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, limevunjwa mwaka huu, na mjukuu wangu, aliponiona nimesimama mbele ya lile rundo la mawe na boriti, aliniuliza, "Kwani babu, ulikuwa na deni hapo?" Sikumjibu, kwani kumfahamisha kijana wa leo kwamba mtaa mzima ulipokea barua zake kwa sanduku la posta la muuza duka mmoja ni kazi itakayo jioni nzima, na kahawa juu yake.

Wakati huo nilikuwa kusini mwa Sudan, nimejitolea kuwa mwalimu wa afya kwa posho ya kununulia sabuni, nikienda kijiji hata kijiji kuwaeleza watu kwamba anywaye maji ya dimbwi bila ya kuyachuja kwa kitambaa humeza vidudu vilivyobeba mtoto wa mnyoo wa Guinea, na kwamba baada ya mwaka hivi mnyoo mwenyewe, ambaye hufikia urefu wa mita moja, hutoboa ngozi akatoka, aghalabu mguuni, wala hana dawa ila kumzungusha kijitini kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kumzuia mgonjwa asitie jeraha lake majini.

Barua za nyumbani zilipanda basi hadi Nairobi, zikafika Lokichoggio, na huko zikangoja ndege yenye nafasi. Mwezi ulipita, pengine miwili, na bahasha ilipowasili niliitambua kwa harufu kabla ya mwandiko: iliki, mafuta ya taa na sabuni ya mche, maana Ami aliziweka barua zote katika mtoto wa meza yake, chini ya mzani. Ndani, mama alikuwa ameandika kwa hati za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni, nusu ukurasa ukiwa ni dua na salamu za kila jirani, ilhali habari yenyewe, ya paa linalovuja au ada ya shule, ilibanwa pembezoni karatasi ilipokwisha. Tabibu msaidizi wetu, mtu wa Juba aliyesoma kwa Kiarabu, alizoea kuninyang'anya barua hizo akazisoma kwa sauti, asifahamu ila salamu, na wagonjwa waliokuwa wakifungwa vidonda wakamsikiliza kwa taadhima kana kwamba ni khutba.

Redio ya mawasiliano ilikuwapo, lakini haikuwa na faragha: nilipopashwa habari kuwa dada yangu amejifungua, vituo vyote vilivyokuwa hewani vilisikia, nikapongezwa na watu nisiowahi kuwaona, mmoja akataka kujua uzito wa mtoto.

Ami mwenyewe aliniandikia mara moja tu. Nilikuwa nikishikilia kuwa ni mwaka 1994, lakini humo anaulizia ule usitishaji wa vita aliousimamia Jimmy Carter ili watu wa afya wafike vijijini, nao ulikuwa wa 1995, ukadumu takriban miezi sita. Basi na iwe 1995, au hata baadaye, kwa jinsi barua zilivyokuwa zikilala Lokichoggio. Alichoandika hasa ni hesabu ya stempu alizomnunulia mama, kila moja na tarehe yake. Niliporudi nilimlipa, akanipunguzia shilingi mbili kwa bashasha kubwa.

Kisha zikaja simu za setilaiti, zikaja za mkononi, ikaja M-Pesa mwaka 2007, na Ami akafariki, Mungu amrehemu. Wagonjwa wa mnyoo ule, waliokadiriwa milioni 3.5 mwaka 1986, hawakufika 20 duniani kote mwaka 2023.

Sasa binti wa yule dada yangu yuko Malawi, amejitolea kuwafunza watu kujikinga na kipindupindu. Humpigia mamake simu ya video asubuhi, mchana na usiku, nao huonyeshana sufuria. Juzi mtandao ulikatika siku mbili, na mamake alikwisha kufunga mizigo kwenda ubalozini Nairobi. Na lawama zote ananitupia mimi, ati ndiye niliyemtia binti wazimu wa kujitolea.