Daftari la Karani wa Mizani

Bibi yangu alijua siku niliyozaliwa kwa mvua. Alisema ilikuwa masika, maji yamekula tuta la reli, garimoshi la kutoka Tanga limekwama, na abiria wamelala Mnyuzi wakipikiwa ugali na wenyeji. Tarehe hakuna. Nilipopelekwa kuandikishwa shule mwalimu aliuliza, akasubiri, kisha akaandika Julai mosi. Darasani tulikuwa wengi wa Julai mosi, na wengine wa Januari mosi, na hakuna aliyeona ajabu. Nani alisherehekea siku ya kuzaliwa wakati ule? Ulikumbukwa ulipozaliwa, ulipotahiriwa na ulipooa, yatosha.

Kama hujafika Mnyuzi, ni kule chini ya milima ya Usambara, kati ya Muheza na Korogwe, kwenye reli ile ya Mjerumani iliyofika Korogwe mwaka 1902. Hapo jirani, Mruazi, ndipo mwaka 1963 walipounga njia ya kwenda Ruvu, tukaunganishwa na Reli ya Kati. Pande zote mkonge, safu kwa safu mpaka macho yachoke. Korona, ile mashine ya kukamua mkonge, ikianza kunguruma alfajiri hukuhitaji saa. Na ile harufu ya makapi ya mkonge mbichi, chachu, nzito, iliyokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa! Mgeni aliziba pua. Sisi tulipokaa nayo mbali siku chache tuliitamani. Treni ikisimama stesheni, akina mama walikimbilia madirishani na machungwa, mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga wa mtoni, na dakika zile chache kijiji kizima kilikuwa mjini.

Kupitia madirisha hayohayo magazeti yalitufikia. Kulikuwa na karani wa mizani kwenye kambi yetu ya mkonge, Msambaa mmoja mpole, kalamu sikioni, ambaye alikuwa na rafiki aliyefanya kazi reli. Rafiki alimletea Uhuru la juzi, na mara mojamoja jarida la ndondi au la riadha kutoka ng'ambo, limechakaa, halina jalada. Karani alisoma kila mstari. Alikuwa na daftari nene la mistari, na ndani yake hakuandika matokeo kama wengine. Aliandika siku za kuzaliwa. Kila tarehe ya mwaka ilikuwa na mahali pake, na chini yake majina: mwanariadha, bondia, mwimbaji, mwigizaji wa sinema. Ukimuuliza kwa nini, alisema anatafuta ndugu.

Jioni tulikusanyika barazani kwake. Redio yake ilikuwa National, imevishwa fulana ya kitambaa iliyoshonwa na mkewe, na betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati mchana kutwa ili zisukume taarifa ya habari ya usiku. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuja na kuondoka kwa mawimbi. Muziki wa Jamhuri Jazz na Atomic, bendi zetu za Tanga, ulipopigwa hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Mbaraka Mwinshehe akiingia na gitaa lake, hata walinzi wa kambi walisogea.

Siku moja karani alifungua daftari Januari 17, akatuita. "Wagosi, tazameni hawa wamechangia siku." Kipchoge Keino, 1940. Muhammad Ali, 1942. Mmoja kazaliwa Nandi, mwingine Louisville, Kentucky. Keino tulimjua vizuri, jirani yetu yule, aliyekwenda Mexico mwaka 1968 akiwa mgonjwa wa nyongo na bado akamwacha Jim Ryun nyuma katika mita 1,500. Ali tulimjua kwa picha za magazeti zilizobandikwa kinyozini. Lakini kwamba walikuwa wa siku moja! Mzee mmoja mkata mkonge, Mha wa Kigoma, alikaa kimya kisha akasema lazima ilikuwa siku ya upepo mzuri. Chini ya tarehe hiyohiyo karani alikuwa ameandika pia Eartha Kitt, mwimbaji, 1927, na James Earl Jones, mwigizaji, 1931. Hao hatukuwajua, tukawakaribisha kwa kuwa walikuja na wenyewe.

Nikueleze sasa kisa cha Januari 12, maana hiki ndicho kilichotufanya tuliamini lile daftari. Kwetu Januari 12 ni Mapinduzi, siku ya mapumziko. Karani alikuwa ameandika hapo Joe Frazier, 1944. Na baadaye, kwa wino mwingine, John Walker wa New Zealand, 1952. Basi mwaka 1974, Januari 28, Ali akapigana na Frazier New York kwa mara ya pili, akamshinda kwa pointi. Haijapita wiki, Februari 2, kule Christchurch, Filbert Bayi wetu akatoka mbele tangu mlio wa bastola, akakimbia mita 1,500 bila mtu wa kumvutia, akamaliza kwa dakika 3:32.16. Rekodi ya dunia! Aliyemfuata, akimkaribia mpaka mwisho, ni nani? John Walker. Wana wawili wa Januari 12 wamelala ndani ya wiki moja, mmoja ulingoni na mwingine uwanjani. Karani alizunguka kambi nzima na daftari kwapani. Kesho yake watu walikata mkonge wakibishana habari za tarehe, na nyapara akawaacha.

Mwaka ule haukuisha hivihivi. Septemba Kinshasa ilijaa wanamuziki, Franco na Tabu Ley, Miriam Makeba, James Brown, B.B. King, na Oktoba 30 Ali akamwangusha George Foreman raundi ya nane. Kule ilikuwa usiku bado, kwetu kumekucha, korona imeshawashwa. Habari ilipotufikia, vijana waliruka juu ya matroli ya mkonge wakipigana ngumi na hewa. Foreman naye, karani alituonyesha, ni wa Januari, tarehe 10. Sijui Januari ina nini na mabondia.

Bayi mwenyewe yuko Juni 23, mwaka 1953, mzaliwa wa Karatu. Karani alimweka chini ya Wilma Rudolph, yule binti wa Tennessee aliyeugua polio utotoni kisha akachukua medali tatu za dhahabu Roma mwaka 1960, na juu yao wote June Carter, mwimbaji wa nyimbo za mashambani za Marekani. Bayi angekutana tena na Walker kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hakwenda. Nchi yetu na nyingine nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu. Tuliliunga mkono jambo lile kwa moyo wote, na tulilia kwa ajili ya Bayi kwa moyo uleule.

Halafu ikaja Februari 1980. Rais Carter wa Marekani akamtuma Muhammad Ali, mtu wetu wa kinyozini, aje kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Ali akaendelea na safari, Kenya ikasusia, sisi tukaenda, na huko Bayi akapata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Mpaka leo nchi hii haina medali nyingine za Olimpiki. Barazani siku zile palikuwa pazito. Mtu unayempenda kaja na ujumbe usioupenda. Karani hakufuta jina lake. Alisema tarehe haina siasa.

Mkonge ulishuka bei, kamba za plastiki zikaingia, kambi zikapungua watu. Treni za abiria nazo zilikoma kwa miaka mingi, na ziliporudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, Desemba 2019, nilisimama kando ya reli nikasikia honi, koo likanikaba. Karani alikwishastaafu zamani, akarudi Bumbuli. Karatasi za daftari lake zilibaki, na najua ziliishia wapi. Duka moja lilizifungia karanga. Yawezekana nilinunua Agosti nzima kwa senti hamsini.

Wajukuu zangu hawahitaji daftari. Mmoja alichagua siku anayopenda, akabonyeza simu, ndani ya pumzi moja akanipa Agosti 21: Usain Bolt na Kenny Rogers! Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Nikampa niliyoichagua mimi, Juni 23, akaniongezea Zinedine Zidane, 1972. Nikamwambia James Earl Jones wa Januari 17 ndiye sauti ya Mufasa katika ile katuni ya simba, akanitazama kwa heshima mpya. Ni jambo zuri, sikatai. Ila hatukubishana. Jibu lilikuja kabla ya hamu.

Na kuna majina ambayo simu haina. Hata Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzee mkubwa na kufariki Aprili 2013, hakuna ajuaye kwa hakika mwaka aliozaliwa. Sasa niambie habari za golikipa wetu wa timu ya shamba, aliyedaka peku, au yule mpiga ngoma wa Kimakonde aliyeamsha kambi nzima Jumamosi. Hao karani hakuwaandika kwa sababu wao wenyewe hawakujua tarehe.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama nyumbani unaye mzee aliyewahi kupiga gitaa la bendi ya mtaa, kucheza mdundiko au kuvaa jezi ya shamba la mkonge, kaa naye wiki hii. Asipojua tarehe muulize ilikuwa masika au vuli, nani alikuwepo, treni ilipita au haikupita. Kisha andika, pamoja na jina lake kamili.